Santuri ya Taxi Driver pale Ujiji: giza lilikuwa kwenye mota

Malalamiko yenyewe yalikuwa hivi: mashine ya santuri inazunguka, sauti inatoka, hamna mikwaruzo ya ajabu, ila mwalimu wa kwaya anasema huo muziki sio wenyewe, na mzee mwenye mashine anasema ndo wenyewe kabisa na tangu azaliwe hajasikia kitu kimekaa sawa kama hicho. Wakabishana wee mpaka ikawa stori ya mtaa. Kuna waliosema santuri ni feki, kuna waliosema sindano imeisha, jirani mmoja anayetengeneza mafriji akasema ni umeme mdogo na akaleta stebilaiza yake kabisa akaiweka mezani. Mi nikaitwa kwa sababu nashika redio na spika hapa Kigoma, na nakiandika kisa chote maana nimeshasikia matoleo yake mengi mtaani na karibu yote yamepinda.

Mzee ni mstaafu wa reli, anakaa Ujiji. Mpwa wake yuko Marekani, alimfungia boksi la mtumba: mashine ya santuri ya zamani yenye mkanda wa mpira, amplifaya ndogo, na santuri chache zilizotupwa tupwa humo ndani kuzuia vitu visigongane. Moja ya hizo santuri ndo chanzo cha kesi, muziki wa filamu ya Taxi Driver, toleo la kampuni ya rekodi ya Arista la 1976. Mpwa hakuichagua kwa bahati, anajua mjomba wake aliiona hiyo filamu enzi za mikanda ya video na hajawahi kuacha kuitaja. Boksi likafika Dar, likapanda treni, likafika mwisho wa reli salama kabisa, na kwa kuwa vifaa vilikuwa vya volti 120 mzee akanunua ile transfoma ya kushusha umeme, nzito kama tofali. Mpaka hapo kila kitu amefanya sawa.

Kwa asiyeijua, Taxi Driver ni filamu ya Martin Scorsese ya 1976, Robert De Niro ndani yake ni Travis, dereva teksi wa usiku New York ambaye halali usingizi na taratibu kichwa kinageuka, mwisho wake damu. Muziki ni wa Bernard Herrmann. Huyu bwana alizaliwa New York 1911, ndo aliyetunga muziki wa Citizen Kane ya 1941, alafu akakaa miaka mingi na mwongozaji wa filamu Hitchcock, Vertigo ya 1958 ni yake, Psycho ya 1960 ni yake, zile violini zinazopiga kelele bafuni unazijua hata kama filamu huijui. Taxi Driver ndo kazi yake ya mwisho. Alimaliza kurekodi tarehe 23 Desemba 1975, usiku huo akalala, hakuamka, tarehe ya kifo ni 24. Filamu ikatoka Februari iliyofuata na mwishoni wameandika jina lake na tarehe zake kumshukuru. Mwaka huohuo ikachukua tuzo kubwa kwenye tamasha la filamu la Cannes.

Na muziki wenyewe una sura mbili, hii ishike maana ndo kesi yote inakozungukia. Sura ya kwanza ni matarumbeta na matromboni yanapiga akodi mbili tu, yaani nota kadhaa kwa pamoja, yanavimba yanashuka, yanavimba yanashuka, chini yake ngoma ya snea inajikaza, kama kitu kizito kinavuta pumzi kwenye chumba cha pili. Sura ya pili ni saksafoni ya alto, melodi ya jazi tamu, ya usiku, ya mtu aliyevaa vizuri anamsubiri mwanamke. Herrmann anakupeleka huku anakurudisha kule bila kukuomba ruhusa.

Sasa nilivofika. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu, ila kama umekuja kunambia santuri yangu feki chai hunywi." Mwalimu wa kwaya naye yuko hapohapo, kakaa na kinanda chake mapajani, kijana mpole ila siku hiyo alikuwa na hasira za kisomi. Mama akaleta chai na mihogo hata hivyo, mzee akaweka santuri.

Niseme ukweli ilikuwa inatisha na ilikuwa nzuri. Matarumbeta yalitoka chini kabisa, mazito, saksafoni ikaja ya kiume, inakokota maneno. Mzee kafumba macho. Akanambia, "Unasikia huyo mtu anavyozama? Kwenye video hawakuweka hivi, kwenye video walikuwa wanaharakisha." Hilo neno la mwisho nikaliweka pembeni, nitalirudia, maana mzee hakuwa amekosea hata kidogo.

Hoja ya mwalimu ilikuwa ya kitaalamu zaidi. Yeye alitaka kuichota melodi ya saksafoni aandike kwa sol-fa, zile do re mi za kwaya, akafungua muziki huohuo kwenye simu akaitafutia do, akaipata, akaenda kwa mzee na kinanda apige juu ya santuri, haikai. Akajaribu transpozi, kile kitufe cha kuhamisha sauti yote juu au chini, kushuka semitoni moja, yaani hatua moja ya kinanda, haikai, mbili haikai, tatu inakaribia ila bado inauma sikio, nne imepitiliza. Kwake yeye hiyo "inakaribia ila inauma" ndo ilikuwa ushahidi kwamba santuri imechapwa vibaya na wahuni. Kwangu mimi ilikuwa karibu nusu ya jibu, maana kama kosa lingekuwa la mtu aliyebadilisha ki makusudi, lingeangukia kwenye nota kamili. Kosa linaloangukia katikati ya nota mara nyingi ni la mashine.

Kingine nilichosikia ni ule mtetemo wa saksafoni. Mpigaji akishika nota ndefu anaitikisa kidogo, kwa kawaida inatikisika mara tano au sita kwa sekunde, ndo inayotupa raha. Hii ya mzee ilikuwa inatikisika polepole, karibu uweze kuihesabu. Na ile snea, palipotakiwa pawe na mvumo mmoja unaoendelea, ulikuwa unasikia vijiti kimoja kimoja. Mtu anaweza kuamua kupiga wimbo taratibu, ila hakuna mpigaji anayeamua kutetemesha pumzi yake taratibu na kupunguza mvumo wa ngoma na kushusha sauti ya chombo chake vyote kwa kiwango kilekile kwa wakati mmoja. Hicho ni chombo kinachozunguka polepole.

Ushahidi mwingine ulikuwa humohumo kwenye santuri na hakuna aliyeutumia. Kuna kipande ambacho juu ya muziki wameweka sauti ya De Niro anasoma daftari la Travis. Nikaomba tukiweke. Ilitoka sauti ya jitu, limelewa, lina mafua. Mjukuu wa mzee akacheka mpaka akaondolewa sebuleni. Mzee akajitetea kwamba ni mtu mwenye msongo wa mawazo, lazima aongee hivo. Nikafungua kwenye simu mahojiano ya De Niro ya kawaida tu, hata asiyejua Kiingereza anasikia kwamba yule sio huyu. Matarumbeta yanaweza kukudanganya kwa sababu hujui sauti yake halisi, ila koo la binadamu sikio linalijua. Kama unashuku kasi ya santuri yoyote, tafuta sehemu mtu anaongea.

Basi tukaigeuza mashine. Sindano nzima, nimeiangalia kwa lenzi haina shida. Mkanda wa mpira umelegea kidogo ila hautelezi. Transfoma nikapima, inatoa volti 112, 115, inapandapanda na kushuka kutegemea mtaa unatumia nini. Jirani wa mafriji akasema unaona, umeme mdogo. Hapana. Nyuma ya mashine kuna kibati kimeandikwa AC 120V 60Hz, na macho ya kila mtu yalikuwa yanaishia kwenye 120V. Tatizo lilikuwa kwenye ile 60Hz.

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapochanganya watu wengi wanaopokea vifaa vya Marekani. Umeme wetu ni volti 230 na Hz 50, yaani unabadilika mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni volti 120 na Hz 60. Transfoma inabadilisha volti peke yake, ile 50 inaingia inatoka ileile 50, hata ununue transfoma ya milioni. Kwa pasi, kwa taa, kwa chaja ya simu haina neno, ndo maana watu wanadhani wakishashusha volti wamemaliza. Ila kuna mota, tena kwenye mashine nyingi za santuri za zamani za mkanda, ambazo kasi yake inafungwa na Hz na sio volti, wanaziita sinkronasi. Iko kama mcheza ngoma, mpige kwa nguvu au mpige kwa upole yeye anafuata mpigo tu, ukipunguza mpigo anapunguza mguu. Mota ya aina hiyo ambayo Marekani inakimbia mizunguko 300 kwa dakika, ukiileta Ujiji inakimbia 250, na itakimbia 250 hata stebilaiza ya jirani ifanye kazi usiku na mchana.

Na ndo maana nadharia ya umeme mdogo haikuwa na miguu. Volti zikishuka sana mota kama hiyo inakosa nguvu na kuacha kufuata, inakwamakwama, utasikia. Haiwezi kukaa imetulia kwenye kasi moja ya chini jioni zote kama ilivokuwa kwa mzee. Enzi zile Kigoma tunakula umeme wa majenereta ya dizeli, kabla gridi ya taifa haijatufikia, hapo ningekubali hadithi ya muziki kuyumba, maana jenereta likizidiwa mzigo hata Hz zinayumba. Hii yetu haikuyumba, ilikuwa chini na imetulia. Dalili nyingine nikaipata kwa mkono: mota ilikuwa ya moto kuliko inavyotakiwa. Mota ya Hz 60 ukiipa volti zilezile kwa Hz 50 inavuta umeme zaidi ya ilivyopangiwa na inageuza ziada kuwa joto, kwa hiyo hata kama mzee angeipenda hiyo sauti milele, mashine isingedumu nayo.

Hesabu sasa. 50 kwa 60 ni tano kwa sita. Santuri inatakiwa izunguke mara 33 na theluthi kwa dakika, toa sehemu moja kwenye sita inabaki 27.8. Kwenye sauti hiyo ni kushuka semitoni tatu na kipande kidogo, karibu sehemu 16 za mia za semitoni. Hapo nikamgeukia mwalimu, nikamwambia ile tatu yako inayokaribia ila inauma, maumivu yenyewe ni hiyo kumi na sita. Alinyamaza, akaweka transpozi tatu, akatafuta kitufe cha tyuning akashusha kidogo, akaweka mkono kwenye kinanda, ikakaa. Uso wake ulibadilika, nadhani kwa mara ya kwanza siku hiyo alifurahi.

Ila mzee hesabu za kwenye karatasi hazimtoshi, na mi namkubali kwa hilo. Kwa hiyo tukapima mbele yake, na hii yeyote anaweza kufanya bila kifaa: unakata kipande cha plasta nyeupe unakibandika pembeni ya sahani inayozungusha, unaanzisha saa ya simu, unahesabu plasta inapita mara ngapi kwa dakika tatu. Mashine nzima inapita mara 100 kamili, hiyo ndo raha ya 33 na theluthi. Mzee mwenyewe ndo alihesabu, kwa sauti, kidole kinagonga meza, mtu wa reli huyu kazoea saa. Dakika ya tatu imefika yuko 83 na plasta iko njiani kwenda 84. Akasema rudia. Tukarudia. 83 ileile.

Mjukuu, aliyekuwa kasamehewa, akauliza kwa nini tusiweke tu kwenye 45. Swali zuri kuliko lilivosikika, na inaonekana alishawahi kujaribu mzee akiwa hayupo. Ile 45 nayo inaliwa sehemu yake moja kwenye sita, inakuwa 37 na nusu, imezidi inayotakiwa, semitoni mbili juu. Tukaweka, saksafoni ikawa ya katuni. Kwa hiyo kwenye ile mashine, kwa umeme wetu, kasi sahihi haikuwepo kwenye swichi yoyote.

Sasa nirudi kwenye lile neno la mzee, kwamba kwenye video walikuwa wanaharakisha. Mwalimu alilichukulia ni ubishi wa uzee. Kumbe lina msingi. Filamu ya sinema inapigwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa televisheni tuliotumia huku, PAL, unakwenda picha 25 kwa sekunde, na njia rahisi waliyokuwa wanatumia kuhamisha filamu kwenda kwenye mikanda na baadaye DVD za PAL ni kuikimbiza tu, 24 zikawa 25, na sauti ikakimbia nayo. Filamu ya dakika 114 kama hii inakuwa 109 na kidogo. Muziki unapanda karibu robo tatu ya semitoni. Kwa hiyo mzee alichokishika kichwani miaka yote kilikuwa juu ya Herrmann, na alichokuwa anakisikia kwenye santuri kilikuwa chini ya Herrmann, tofauti kati ya hivo viwili ni karibu semitoni nne. Masikio yake yalikuwa safi kabisa, yalikosa tu kitu sahihi cha kulinganishia. Nilipomweleza alimwangalia mwalimu kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivohitajika.

Na bado kuna jambo la tatu lililokuwa linawachanganya wote wawili, hili halina uhusiano na umeme. Hiyo albamu ya 1976 sio muziki wa filamu peke yake. Sehemu yake ni mipangilio ya Dave Blume, aliyechukua mawazo ya Herrmann akayafanya jazi ya kusikiliza nyumbani, laini zaidi. Mwalimu alikuwa analinganisha kipande cha Blume kwenye santuri na rekodi ya Herrmann kwenye simu, alafu anashangaa mbona hata vyombo havijibu sawasawa, ndo ikazidi kumpa uhakika wa feki. Kuchanganya hivyo lilikuwa jambo la kawaida kwa albamu za filamu miaka ile, kampuni ya rekodi inataka kitu cha redio. Binafsi vipande vya Blume navisikiliza mara moja nageuza upande.

Tufike kwenye matengenezo, hapa sitakaa sana. Njia ya kwanza ni kumpa mashine umeme wa Hz 60 wenyewe, inverta ya soko la Marekani juu ya betri ya sola, na huku kwetu betri ya sola haikosekani. Nikaipiga chini kwa sababu inverta za bei nafuu umeme wake ni wa ngazi ngazi, sio wimbi laini, mota zinaunguruma na ule mngurumo unapanda mpaka kwenye sindano. Njia ya pili kubadili mota yote kuweka ya DC, ya umeme kama wa betri usiofuata Hz, ni kazi safi ila mzee hakutaka kutobolewa mashine ya mpwa wake. Ya tatu ndo tuliyofanya, puli. Mkanda unatoka kwenye kipuli kidogo cha shaba juu ya mota, kama mota imepungua moja ya sita unaongeza unene wa puli kwa moja ya tano, kasi inarudi palepale. Viwanda vyenyewe vilikuwa vinafanya hivohivo, modeli moja, puli mbili, ya Hz 50 na ya Hz 60.

Kwanza nikajaribisha kwa ule mpira wa waya unaosinyaa kwa moto, nikauvisha kwenye puli mpaka unene ukafika, ili tu mzee asikie kabla hajatoa hela. Ulizunguka vizuri kwa kasi ila ulikuwa na kijinundu, nota ndefu zikawa zinapepesuka. Ukishajua kwamba jibu ni lenyewe ndo unaenda kwa fundi wa kukereza vyuma. Huyu bwana kazoea shafti za boti za Kibirizi, nilivompelekea kitu cha ukubwa wa kifundo cha kidole akaniuliza kama ni cha saa. Ila alikikereza kwa shaba, akaacha kitumbo kidogo katikati ili mkanda ujiweke wenyewe, mikono ya maana sana ile. Upande wa umeme nikabadilisha na kapasita ya mota iendane na Hz 50 na volti nikazishusha kidogo, joto likaisha. Plasta ikapita mara mia.

Na ndo tukasikiliza tena, wote, mwanzo mpaka mwisho.

Maoni yangu ni haya, na mzee anajua. Ile ya polepole ilikuwa giza tupu, na giza tupu baada ya dakika tano linazoeleka, unakaa nalo unakunywa nalo chai. Matarumbeta mazito, saksafoni nayo nzito, ngoma nzito, kila kitu kiko upande mmoja. Ile alto ilikuwa imeshuka karibu ifike kwenye sauti ya saksafoni ya tena, ile kubwa na nzito zaidi, ikapoteza utamu wake, na ule utamu ndo silaha ya Herrmann. Kwenye kasi yake saksafoni inakuja kama manukato, unalegea, unamwonea Travis huruma, unaona kumbe ni mpweke tu anatafuta mtu, alafu zile akodi mbili zinavimba chini yake na unakumbuka uko kwenye teksi na nani. Hofu iko kwenye kugeuka kule. Ukipunguza kasi hugeuki popote. Watu wengi wanaotengeneza muziki wa filamu za uhalifu saa hizi, hata hizi za kwetu, wanaweka ule mvumo mmoja wa chini kutoka mwanzo hadi mwisho wakidhani ndo kutisha, na wakipewa kipande kizuri wanakinyonga kwenye programu mpaka kiwe kizito. Ningewaweka sebuleni kwa mzee wasikie puli mbili.

Alafu kasi ya muziki wa filamu sio suala la ladha ya mpigaji kama kwenye rumba. Mtunzi anaandika kwa sekunde, akodi ivimbe pale gari inapotokeza kwenye moshi, ikatike pale picha inapokatika, wanarekodi filamu ikiwa mbele yao na saa mkononi. Ukiwa na santuri picha hamna, ndo maana kosa linaweza kukaa nyumbani kwako na usilijue.

Mzee hakukubali yote. Alisema ya sasa ni sahihi, hilo halibishi, kahesabu mwenyewe, ila ile ya kwanza ilikuwa inamfaa saa za usiku sana umeme wa majirani ukishazimwa, na akaniomba puli ya zamani nisiondoke nayo. Iko kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, na nimemwonya kwamba kuibadilisha kila mara kutaua mkanda, na huo mkanda hauuzwi Kigoma. Mwalimu ameshaandika melodi yote kwa sol-fa na anatafuta mtu wa saksafoni, namba ya mtu wa bendi nimempa, sijui kama kwaya itaikubali.

Bado upande wa pili kuna kipepesuo kidogo, kinakuja kila mzunguko, kila sekunde moja na nukta nane ukipima. Hicho usinipigie simu, ni sahani imepinda kwa joto la safari, mota haihusiki.